Kondo Lililorudi Salale Kwenye Barafu

Siku ya kwanza Mshamu kuonana na Tabu walipigana, na aliyetoka damu alikuwa Mshamu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya ushirika yalikwisha kufa, sabuni imerudi kwenye rafu, na kila mwenye ubavu alijiita mfanyabiashara. Kampuni za kugandisha kamba huko Dar es Salaam zilikuwa zinameza kila kilichotoka kwenye matope ya delta, na Mshamu aliiona njia hiyo mapema kuliko wenzake. Alifufua mashine ya boti iliyokuwa imetupwa, akatengeneza masanduku ya barafu, akakita mguu pale dikoni Salale, mahali wavuvi wanaposhushia. Hakuwa mmoja wa wanunuzi. Alikuwa ndiye mnunuzi. Aliyejaribu kununua pembeni alikuta ngalawa yake imetobolewa, na kama alibisha, alikuta meno yake nayo yamepungua. Mshamu hakuona aibu kwa hilo. Kwake yeye diko lilikuwa mali kama mali nyingine, na mali hulindwa kwa mkono.

Tabu alishuka asubuhi na boti ya abiria, kichwani sanduku la barafu, mkononi mizani ya ajabu. Ilikuwa na uso wa mviringo, na chini ya ndoano palining'inia mfuko wa kitambaa wenye matundu mawili ya kupitishia miguu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, shingo nene, amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kulima.

"Hiyo si mizani ya kliniki?" mvuvi mmoja akauliza. "Umekuja kupima kamba au kutupima sisi?"

"Nyote mnaingia," Tabu akajibu. "Ila kamba hawanikojolei."

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomkera Mshamu. Akauliza huyu ni nani. Akaambiwa alikuwa nesi mkunga wa zahanati ya serikali, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, akaondoka na mizani ile kwa kuwa hakuna aliyeiulizia. Kabla Mshamu hajaamua la kufanya, mwanamke yule alikwisha kuichukua ndoo ya mvuvi ambayo Mshamu alikuwa ameipima muda huo huo, akaitundika kwenye ndoano yake. Mshale ukateremka, ukaipita hesabu ya Mshamu kwa mbali, ukaendelea kuteremka.

Wavuvi waliutazama ule mshale, kisha wakamtazama Mshamu.

Mshamu akamchapa kofi lililompeleka chini. Tabu aliinuka na ndoano ya mizani mkononi, akaifyatua usoni mwa Mshamu, nyusi ikapasuka mpaka mfupa ukaonekana. Shaban, nahodha wa boti ya Mshamu, akalinyanyua sanduku la yule mwanamke akalirusha mtoni. Mshamu alipokuwa anafuta damu machoni alimwona Tabu akiingia kwenye tope la mikokoni, likamfika kifuani, akalikamata sanduku, akalivuta hadi ukingoni. Akalikalia. Matope yanamtiririka kama mchuzi.

"Haya," akasema. "Nani bado hajauza?"

Hakuna aliyethubutu siku ile. Lakini Mshamu, ambaye maisha yake yote yalikuwa kupima watu, alirudi nyumbani akijua kwamba amempata mtu mgumu wa kumnunua na mgumu wa kumfukuza.

Vita vikaendelea. Mshamu alituma watu wakabomoa kibanda cha Tabu. Tabu akajenga kingine. Wakabomoa na hicho. Mmoja wao akarudi na kidole kinachoning'inia kwa ngozi, kwa sababu Tabu sasa alilala na panga. Mwishowe alisogea kijito cha nyuma, penye mikoko minene, akawa ananunua kwa wanawake wanaokokota uduvi kwa tandilo, ule wavu wa kitambaa. Mshamu akamwachia makombo hayo. Wanawake hao walimletea kamba, wakamletea na watoto wenye homa, na wengine wakamwita kuzalisha. Tabu alikuwa hafanyi kitu bila kupatana bei kwanza.

"Nesi, si ulikuwa unatutibu bure?" waliuliza.

"Bure niliiacha serikalini. Hapa leta kamba."

Nyumba moja tu haikumwita, nayo ni ya Mshamu. Huko alikuwako Mwanawetu, mama yake Mshamu, ambaye ndiye aliyewapokea duniani wavuvi karibu wote wa diko lile. Na Mwanawetu alikuwa na neno lake alilolibeba moyoni tangu ujanani. Alipomzaa Mshamu alikuwa ng'ambo ya mto, shambani kwenye mpunga, analinda ndege. Kondo la nyuma likafukiwa huko huko chini ya dungu, kichanja cha kulindia. Mumewe alipokufa na mali ikagawanywa, watoto wa mke mkubwa walimgeuzia Mshamu kibao: huyu kondo lake halimo katika ua huu, aende akadai minazi huko lilikozikwa. Shehe alisema hiyo si sheria, lakini shehe hakuwa na minazi ya kumpa. Wakamnyima. Kwa hiyo Mshamu alipomwoa Hafsa, binti wa wakulima wa korosho wa Nyamwage, na Hafsa akashika mimba, Mwanawetu aliapa kuwa kondo la mjukuu huyu litafukiwa katikati ya ua, mchana kweupe, wale wa mke mkubwa wakitazama.

Hafsa alitaka kwenda kujifungulia Kibiti.

"Kibiti wanatupa shimoni," Mwanawetu akasema. "Kondo la mjukuu wangu likalale na mabomba ya sindano? Hapana."

"Mama, mimi ndiye ninayezaa."

"Na mimi ndiye niliyemzaa aliyekuoa. Kaa."

Mshamu hakuingilia. Mzozo wa wanawake wawili hauna faida kwa anayeuingia, ndivyo alivyojionea.

Uchungu ukaja, ukakawia. Usiku ukapita, kukacha, na Hafsa alikuwa bado anasukuma kitu kisichosogea. Hapo Mshamu alikata shauri. Akamwambia Shaban aandae boti: maji yalikuwa yamejaa, wangeweza kupita vijito mpaka Nyamisati, na kutoka hapo gari hadi Kibiti. Wakiwa wanatafuta godoro la kumbebea, mtoto akatoka. Wa kike, mkubwa, analia kwa hasira. Mwanawetu akapiga vigelegele.

Lakini kondo halikufuata, na damu ilikuwa inatiririka taratibu.

"Bwana Mshamu!" Shaban akapiga kelele kutoka mtoni. "Maji yanakupwa! Tukichelewa tunakaa kwenye tope hadi jioni!"

"Mama, tumpakie hivyo hivyo," Mshamu akasema akiwa nje ya ukuta wa makuti. "Litatoka njiani."

"Litoke njiani?" sauti ya Mwanawetu ikapanda. "Kama lako? Hatoki mtu hapa mpaka litoke!"

Ndipo mwanamke yule, mkono uliozalisha diko zima, alipofanya jambo ambalo pengine hakuwahi kulifanya kwa haraka namna hiyo. Aliuzungusha ule uzi wa kitovu kwenye kiganja, akaweka mguu kwenye ubao wa kitanda, akavuta. Akavuta tena. Alivuta kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye ardhi kavu.

Mshamu alisikia ukelele ambao haukuwa wa uchungu wa kuzaa. Ulikuwa wa mnyama anayechinjwa vibaya. Kisha ikaja sauti ya mama yake, nyembamba, yenye furaha:

"Pacha! Kuna wa pili! Kichwa hiki hapa!"

Halafu: "Mbona hana uso?"

Halafu, baada ya kitambo: "Basi ni kondo limeshika nyama. Nileteeni wembe."

Mwanamume haingii chumba cha mzazi. Mshamu aliingia. Hafsa alikuwa mweupe midomo, jasho baridi limemtapakaa, macho yamezunguka. Katikati ya mapaja yake palikuwa na kitu cha mviringo, chekundu cha kuiva, kinang'aa, kikubwa kama kifuu kizima cha nazi, na kondo limekiganda juu yake kama kofia. Damu ilikuwa inashuka kitandani mpaka sakafuni. Mwanawetu alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Mshamu alijua bei za vitu vingi, na alijua sura ya mtu anayeshika mzigo asioujua. Alimwona mama yake kwa sura hiyo.

"Usiguse," akamwambia. "Mpaka nirudi, usiguse."

Akakimbia.

Tabu alikuwa anachambua kamba kwenye kijito chake. Alipomwona Mshamu anatokea mikokoni peke yake, alisimama na panga.

"Umekuja kubomoa na leo? Wenzako wako wapi?"

"Mke wangu." Pumzi zilimwishia. "Kajifungua. Kimetoka kitu."

"Kitu gani? Sema vizuri."

"Chekundu. Mviringo. Mama kasema pacha."

"Kondo limetoka?"

"Limekaa juu yake. Alikuwa analivuta."

Panga likashuka. Tabu alikuwa amekwisha kugeuka, anafungua sanduku la barafu, anachimba chini ya kamba, akatoa kichupa kidogo cha sindano kilichofungwa kwenye nailoni. Akakitia kifuani. Akachukua mkoba wake, glovu zilizofuliwa, chupa ya chai yenye maji moto. Wakawa wanakimbia.

"Bei gani?" Mshamu akauliza huku wanakimbia. Hakupata kununua kitu maishani mwake bila kujua bei.

"Tutapatana baadaye."

"Nataka kujua sasa."

"Unajua una dakika ngapi za kubishana? Mimi sijui. Kimbia."

Hilo lilimtisha Mshamu kuliko ile damu.

Walipofika Mwanawetu alikuwa na wembe mkononi, na mkono wa pili umelivuta lile kondo pembeni ili apate pa kukata. Tabu hakupiga hodi wala hakutoa shikamoo. Alichukua mchi uliokuwa umesimama pembeni ya mlango akaushusha juu ya kifundo cha mkono wenye wembe. Mfupa ukalia. Mwanawetu akaanguka nyuma akipiga mayowe, "Kaniua! Mchawi kaniua!"

Mshamu alimkamata Tabu shingoni kabla hajafikiri. Ndiyo mikono yake ilivyozoea.

"Nikabe," Tabu akasema kwa sauti iliyobanwa. "Kisha ukachimbe kaburi mbili. Mimi hapa, na huyo."

Akamwachia.

Tabu akaukamata mkono wa Mshamu akauweka juu ya tumbo la Hafsa, chini ya kitovu. "Mwanamke aliyezaa sasa hivi, hapa pana kitu kigumu cha duara. Wewe unasikia nini?"

"Hakuna. Pamebonyea."

"Kwa sababu kile cha humu ndicho hiki kilichopo nje. Nyumba ya mtoto imegeuzwa kama unavyogeuza mfuko wa kanzu. Mama yako alitaka kuikata." Alikuwa tayari anavaa glovu. "Inua upande wa miguu wa kitanda. Weka vinu chini, matofali, chochote. Kisha panda huku, mshike mabega. Atapigana."

"Kazimia. Atapigana vipi?"

"Utaona."

"Litoe kondo kwanza!" Mwanawetu akalia kutoka sakafuni, mkono umeupakata. "Lile ni letu!"

"Nikilibandua sasa, pale lilipokaa panabaki mdomo wa bomba," Tabu akasema bila kumtazama. "Linaingia pamoja na nyumba yake."

Akakifumbata kile kitu kwa kiganja kizima, vidole vimetawanyika pembeni karibu na shingo ya nyumba ya mtoto, na kondo juu yake. Alisema, kama mtu anayejikumbusha somo: kilichotoka mwisho kiingie kwanza. Akasukuma. Hakusukuma kwa huruma. Bega lilishuka, shingo yake nene ikatoka mishipa, miguu ikateleza kwenye damu akaikita tena.

Hafsa akazinduka. Akarusha teke lililompata Tabu tumboni. Mshamu akamlalia kifuani, naye akamgeukia, akamng'ata mkono juu kidogo ya kiwiko, meno yakazama, hayakuachia.

"Mwache ang'ate," Tabu akasema. "Usimwachie."

"Ananila!"

"Basi yuko hai. Mshike."

Kikakwama. Mshamu aliliona hilo usoni mwa Tabu kabla hajalisema. "Shingo inajifunga," akanong'ona. "Hafsa. We Hafsa, mwanangu. Usisukume. Pumua kwa mdomo kama mbwa. Hema. Hema, nasema!" Akakaa vile, bila kulegeza, anasukuma polepole kuelekea kitovuni, hana haraka tena, kama mtu anayesukuma boti iliyokwama na anajua tope litaachia ila si kwa kushtuliwa. Jasho lake lilidondokea mapajani mwa Hafsa.

Kisha mkono wa Tabu ukazama hadi karibu na kiwiko.

"Kimerudi," akasema.

Mshamu alitaka kuinuka. "Kaa!" Tabu akafoka. "Nikitoa mkono sasa, kinanifuata. Ngumi yangu ndiyo nguzo. Toa kichupa kifuani mwangu. Usinitazame hivyo, toa! Sindano iko kwenye mkoba."

"Kwa nini hukumchoma mapema?"

"Ningemchoma mapema, shingo ingekaza kitu kikiwa nje, na tungekuwa tunasoma hitima sasa hivi. Kwanza kirudi. Ndipo kikaze."

Mshamu ndiye aliyemdunga mkewe pajani, kwa mikono iliyozoea kufunga kamba za boti, Tabu akimwelekeza kwa kidevu. Mtoto akawekwa kwenye ziwa. Akanyonya kwa kani. Wakasubiri, Tabu ngumi ndani, mkono wa pili juu ya tumbo, macho amefumba, mpaka akasema, "Kinanibana. Vizuri. Nibane, baba, nibane." Akautoa mkono taratibu, kidole kwa kidole. Damu ikapungua, ikawa ya matone. Tumboni sasa palikuwa na kile kitu kigumu cha duara, na uzi wa kitovu uliofungwa ulining'inia, kondo likiwa bado ndani.

"Tunaenda Kibiti," Tabu akasema. "Daktari atalitoa huko, kwa dawa ya usingizi na damu ya kuongeza. Mwambie Shaban kama boti imekaa kwenye tope, aivute kwa meno."

Boti ilikuwa imekaa. Mshamu, Shaban na wavuvi waliokuwa dikoni waliiingiza mtoni kwa mabega, tope limewafika kiunoni, wanatukanana, mmoja amepasuka goti kwenye chaza. Hafsa akalazwa miguu juu ya masanduku ya barafu. Mwanawetu alipanda bila kuulizwa, mkono umefungwa kwa kilemba.

Katikati ya mikoko, Tabu akiwa ameinama kusikiliza mapigo ya shingoni, Mwanawetu alinyoosha mkono mzima kuelekea ule uzi. Mshamu aliuona. Alimkamata mama yake, mwanamke aliyembeba mgongoni kwenye mashamba ya ng'ambo, akamgandamiza kwenye ubavu wa boti na kumkalia karibu, mkono wake ameukunja nyuma. Mama akamtemea mate usoni. Hakuyafuta. Alimshika hivyo mpaka Nyamisati.

Bandarini palikuwa na lori la mkaa. Dereva alipoiona damu alikataa. Shaban akamshika ukosi, akanyanyua ngumi.

"Mwache," Tabu akasema, akamsogelea dereva. "Sikiliza, kijana. Akifika Kibiti mzima, umemsaidia mtu, unaenda zako. Akifia hapa umekwisha kumkataa, huyu bwana mwenye tundu mkononi atakufuata kokote mkaa unakouzwa. Chagua."

Dereva akapanga magunia.

Huko Kibiti daktari alikuwepo, na alijua kazi yake. Alimsikiliza Tabu kwa makini, akapima tumbo, akaita watu wake. Maji yakatundikwa mishipani, damu ikatafutwa. Ya Shaban haikufaa, ya Mshamu ikafaa. Alilala akitazama mfuko unavyojaa, akamuuliza muuguzi kama itakayobaki atarudishiwa. Muuguzi alidhani ni mzaha. Jioni ile Hafsa alikuwa hai, kondo limekwisha kutolewa, amepewa dawa za kuzuia usaha, amelala na mtoto ubavuni.

Mwanawetu alikaa barazani, mkono kwenye plasta, anatazama lango la nyuma ambako shimo lilikuwa. Tabu akaja akakaa karibu naye, na safari hii alisema shikamoo.

Mwanawetu akampa kisogo.

"Kondo lipo," Tabu akasema. "Nimelizuia lisitupwe. Limo kwenye ndoo, mhudumu kanitunzia."

Kikongwe akageuka haraka mpaka plasta ikagonga ukuta. "Lipe hapa."

"Nauza."

"Unauza kondo la mjukuu wangu? Huna haya?"

"Mwanao naye angeliuza, tena kwa mizani iliyopinda. Mimi nataka neno moja tu, bibi. Utasimama dikoni, mbele ya wavuvi uliowazalisha wote, useme mizani ipi ni ya kweli, ya mwanao au yangu."

Mshamu alikuwa nyuma ya nguzo, bonge la pamba mkononi. Alisikia kila neno. Angeweza kutoka na kumkata kauli mama yake. Alimwona Mwanawetu anakodolea macho lile lango, na akajua biashara imekwisha. Yule mwanamke alikuwa amemwibia diko kwa mkono wa mama yake mwenyewe. Ilikuwa kazi safi. Ilimuuma kama anavyoumia fundi anayeona fundi mwenzake amemzidi.

"Na mimi?" akauliza, akijitokeza. "Bei yangu bado hujaitaja."

"Sanduku langu litasafiri kwenye boti yako, kila safari, juu, si chini. Atakayeligusa, mkono wake nitauvunja kama nilivyovunja huu." Akaashiria plasta ya Mwanawetu, ambaye aliguna.

"Ni nyingi."

"Rudisha bidhaa, basi."

Mshamu alitazama mlango wa wodi. Akanyamaza, na kwa wachuuzi kunyamaza kwa namna hiyo ni kukubali.

Kondo likarudi Salale kwenye sanduku la Tabu, lile lile ambalo Shaban alilirusha mtoni na sasa akatumwa kulileta, limefukiwa kwenye barafu. Lilizikwa katikati ya ua mchana, watoto wa mke mkubwa wamesimama wamekunja mikono. Siku iliyofuata Mwanawetu alishuka dikoni, akatundika ndoo moja kwenye mizani ya mwanawe, kisha kwenye ya Tabu, akasema kwa sauti ya kuita swala: "Hii ya nesi. Hii nyingine tupeni." Wakaitupa. Wavuvi walishangilia kuliko siku ya sikukuu, na mmoja, ambaye Mshamu alipata kumvunja meno, aliomba aitupe yeye.

Hafsa hakurudi. Kutoka hospitali alipitiliza Nyamwage kwa wazazi wake, na Mshamu alipomfuata, baba mkwe alimkaribisha kiti na maji, mazungumzo akamwachia binti. Hafsa alisimama mlangoni, mtoto begani.

"Mama yako alitaka kondo," akasema. "Amelipata. Lilee."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wangu niliyemzaa nikabaki hai. Huko kwenu sirudi kuzaa tena, na pa kuzaa huyu si pa kumlea. Talaka andika ukipata nafasi."

Mshamu alitishia. Ndugu za Hafsa walitoka na fimbo za mikorosho, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima aliondoka mahali bila kupiga wala kupigwa.

Hivyo Mwanawetu alibaki na ua wenye kondo, minazi waliyoipata nusu yake baada ya kelele nyingi, na mkono uliopona upande; mjukuu wa kuikwea hiyo minazi hakuwepo. Mshamu alibaki na boti, alama ya meno juu ya kiwiko, na faida ya haki, ambayo aliiona ndogo sana. Tabu alipata diko. Alipoteza kichupa chake cha mwisho, na akapoteza utulivu, kwa maana sasa kila mwenye mimba wa delta alitaka awe karibu, na kila mmoja alimpandishia bei kwa uoga wake. Hilo halikumchukiza.

Mwezi mmoja baadaye alirudi kutoka Kibiti na barafu. Mshamu alimsaidia kushusha sanduku, kwa makini, kama walivyopatana. Aliuona mfuko wa kitambaa wenye matundu mawili umechafuka maziwa.

"Umepita Nyamwage," akasema.

"Nimepita."

"Umempima?"

"Nimempima."

Mshamu akapangusa mikono kwenye kikoi. Akatazama mto. "Ana uzito gani?"

Tabu akatundika mizani kwenye mti wake, akaizungusha uso uelekee wavuvi. "Hiyo ni habari, bwana Mshamu. Na habari si ya bure."

Mshamu akauliza bei.